Watu Saba Walioondoka, Nami Niliyebaki

Ujumbe uliingia saa sita na nusu usiku kwenye kundi letu la WhatsApp. "Jamani, mimi nimefika mwisho. Tafuteni mwimbaji mwingine. Samahani." Onyesho kubwa kuliko yote tuliyowahi kupewa lilikuwa limebakiza siku kumi na moja. Niliusoma ule ujumbe mara nne, kisha palepale nikaanza kuandika tangazo la kutafuta mwimbaji. Sikumpigia simu. Sikumwuliza kulikoni. Nilikuja kumpigia baada ya miezi minane, na naanza na kosa hilo kwa sababu mengine mengi yalizaliwa humo.

Napiga gita katika bendi ya metalikoo, huu mwaka wa saba sasa. Tulianza watano. Katika miaka minne ya mwanzo waliondoka waimbaji wawili, wapiga dramu watatu, mpiga besi mmoja na mpiga gita mwenzangu. Jumla saba. Kila alipoondoka mtu nilikuwa na maelezo yake tayari: yule mvivu, yule kazidiwa na mapenzi, yule hana nia, yule anajiona nyota. Maelezo saba tofauti, na ndani ya yote mtu mmoja tu hakosekani. Ilinichukua muda mrefu mno kupiga hesabu hiyo.

Kwa ambaye muziki huu haujawahi kumpitia masikioni, metalikoo ni mtoto wa hadikoo, yaani panki iliyokazwa na yenye hasira, na metali nzito, yaani roki ya magita mazito. Katika miaka ya 1990 bendi za Marekani kama Integrity, Earth Crisis na Converge zilichukua hasira ya hadikoo zikaitwika magita mazito ya metali. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likaja wimbi jingine lenye viitikio vya kuimbika: mwimbaji ananguruma kwenye ubeti, kisha kiitikio kinafunguka kwa sauti safi. Halafu kuna bridauni, pale mwendo unapoanguka ghafla, magita na dramu ya mguu vinapiga pigo moja kwa pamoja, na ukumbi mzima unajua la kufanya. Pigo likipishana hata kidogo, bridauni inageuka sufuria zinazoanguka kutoka rafuni. Kwa hiyo mtu mmoja akibadilika, hata nyimbo mlizozicheza mara mia mnazianza upya kama wanafunzi.

Usiku ule nilijifariji kwa historia. Bendi ya metalikoo ya Killswitch Engage ilianzishwa mwaka 1999 huko Massachusetts kutokana na mabaki ya bendi mbili, Overcast na Aftershock. Mwaka 2002 wakatoa Alive or Just Breathing, albamu iliyowatambulisha kwa watu, na mwaka huohuo mwimbaji wao Jesse Leach akajitoa kwa barua pepe, siku chache kabla ya ziara. Akaingia Howard Jones, mwaka 2004 ikatoka The End of Heartache, na bendi ikapaa zaidi. Nikajiambia: unaona? Mwimbaji anabadilishwa kama uzi wa gita, mambo yanasonga.

Nilisoma nilichotaka kusoma. Niliruka sehemu isemayo kwamba Leach alikuwa amezama katika sonona na koo lake lilikuwa limeelemewa. Niliruka pia kwamba Adam Dutkiewicz, aliyepiga dramu kwenye albamu ile, aliweka fimbo chini akahamia kwenye gita, na mtu mwingine akakalia dramu. Hawakuziba pengo moja, walipanga upya nyumba nzima. Na Jones hakuja kuigiza sauti ya mtangulizi wake. Alikuja na kifua chake.

Onyesho lile lililobakiza siku kumi na moja tulilifanya. Mimi ndiye niliyenguruma. Nyimbo zilikuwa sita. Sauti yangu iliisha kwenye wa tatu. Zilizobaki nilipiga gita huku nikifungua mdomo kama samaki, na siku tatu zilizofuata nikaongea kwa kuandika kwenye simu. Hapo ndipo kwa mara ya kwanza nikajiuliza yule jamaa alikuwa akiishije.

Alikuwa akiishi vibaya. Nilipompigia hatimaye aliniambia kwamba wiki za mwisho alikuwa akitema makohozi yenye michirizi ya damu kila baada ya mazoezi, na daktari wa koo alimkuta na vinundu kwenye nyuzi za sauti. Tulikuwa tukifanya mazoezi saa nne mfululizo, mara tatu kwa wiki. Siku ya kurekodi nilimrudisha kwenye maikrofoni zaidi ya mara ishirini kwa ukelele mmoja wa sekunde sita, kwa sababu mimi niliusikia kichwani kwa namna fulani na yeye hakuufikia. Alikunywa maji, akarudi, akanywa, akarudi. Hakusema neno. Mficha maradhi kifo humuumbua, lakini na sisi tulikuwa na macho.

Kama una mwimbaji anayenguruma, au wewe ndiye mwimbaji, nikuambie tulichofundishwa baadaye na mwalimu wa sauti, kwa kuchelewa. Mngurumo mzuri hautoki kwenye kukaza koo. Hewa inasukumwa kutoka chini, misuli ya tumbo na mbavu ikifanya kazi, na mkwaruzo kwa kiasi kikubwa hutengenezwa na mikunjo iliyo juu ya nyuzi za sauti, wakati nyuzi zenyewe zinaachwa zipumue. Ukisikia maumivu, simama; hakuna maumivu ya kuzoea hapo. Pasha sauti moto kabla, na uitulize baada. Kunong'ona siyo kupumzisha sauti, nyamaza kabisa. Ukikwaruza zaidi ya wiki tatu bila mafua wala sababu nyingine, nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, usiende kwa rafiki anayejua dawa. Na usione haya kutafuta mwalimu: Melissa Cross wa New York amejenga jina lake kwa kufundisha waimbaji wa metali kupiga ukelele bila kujiumiza, na mafunzo yake yalitoka kwenye DVD tangu mwaka 2005. Leach mwenyewe, aliyerudi Killswitch Engage mwaka 2012 baada ya Jones kuondoka kwa sababu za kiafya, alifanyiwa upasuaji wa koo mwaka 2018. Koo halijali umepiga maonyesho mangapi.

Turudi kwenye tangazo langu. Walijitokeza tisa. Niliwapa wote wimbo uleule wetu wa zamani, na niliyemchagua ni yule ambaye ukifumba macho ungeapa ni wa kwanza amerudi. Nilifurahi kama mtu aliyeokota pochi yake mwenyewe. Miezi mitano baadaye naye aliondoka.

Shida haikuwa sauti yake, sauti alikuwa nayo. Shida ni kwamba tulimwajiri awe kivuli. Mashabiki wetu, mia mbili hivi wanaotujua kwa majina, walimpima kwa rula ya mwenzake kila wiki. Alipoleta mashairi yake nilimwambia tusubiri kwanza watu wamzoee. Alipotaka kuimba kiitikio kwa namna yake nilimchezea rekodi ya zamani. Bendi ya Asking Alexandria walipoondokewa na mwimbaji wao Danny Worsnop mwaka 2015 walimchukua Denis Stoff, kijana aliyekuwa tayari amejulikana kwa kuziimba nyimbo zao mtandaoni. Walitoa albamu moja pamoja, The Black ya mwaka 2016 (kwa masikio yangu si mbaya hata kidogo, ingawa najua nitazomewa), na kabla mwaka huo haujaisha Worsnop alikuwa amerudi kundini. Yaliyotokea ndani yao ni yao. Ninachosema ni cha kwetu: mtu ukimchagua kwa sababu anafanana na aliyeondoka, utaishia kumlaumu kwa kutokuwa yeye.

Ukifanya usaili wa mwimbaji, basi, mpe wimbo ambao bado hauna maneno. Mwache nao siku tano. Atakachorudi nacho kitakuambia zaidi ya nyimbo kumi za kuigiza. Na kaa naye siku nzima bila ala, msafiri mahali, mbebe vyombo pamoja, muone akichoka anakuwaje. Wengi tuliwapenda jukwaani tukaja kuwajua barabarani.

Sasa wapiga dramu. Watatu! Nilikuwa nikifanya utani kwamba tuna laana, nikiwataja bendi ya Trivium, ambao baada ya Travis Smith kuondoka mwaka 2010 walipitia wapiga dramu kadhaa hadi walipompata Alex Bent. Utani huo uliisha siku mpiga dramu wetu wa tatu aliponiaga.

Huyo nitamweleza kwa kirefu kwa sababu ndiye aliyenivua nguo. Mtindo wangu wa kutunga ulikuwa hivi: nakaa peke yangu na kompyuta, natunga magita yote mawili, naandika besi, napanga dramu pigo kwa pigo kwenye programu, halafu nawatumia rekodi hiyo ya mfano, demo, wimbo ukiwa umeiva. Nilidhani nawarahisishia kazi. Mpiga dramu yule alikuwa na mkono mwepesi, alipenda kuchelewesha pigo kidogo kabla ya bridauni ili watu wavute pumzi. Kila alipofanya hivyo nilimsimamisha: "Siyo hivyo kwenye demo." Siku moja aliweka fimbo juu ya dramu taratibu, akaniambia, "Kaka, ukitaka mashine unayo tayari." Akaanza kufungua matoazi yake. Hakuna aliyemsaidia kubeba. Hilo pia aliligusia akiwa mlangoni, kwamba kwa mwaka mmoja na miezi miwili hakuna aliyewahi kumsaidia kubeba, na kwamba sisi wengine tukifika na gita begani tunamkuta ameshatoka jasho.

Nilikasirika wiki mbili. Wiki ya tatu nilichukua karatasi nikaandika majina saba, na mbele ya kila jina nikaandika siyo sababu niliyokuwa nikiwaambia watu, bali jambo la mwisho alilolalamikia mhusika kabla ya kuondoka. Mpiga gita mwenzangu alipata kazi mbali na tuliagana vizuri. Huyo nilimtoa kwenye hesabu. Mpiga dramu wa kwanza na wa pili walilalamikia kwamba tarehe hupangwa bila wao kuulizwa. Mpiga besi aliwahi kuniambia, akicheka, "Nikikosea hakuna anayesikia, nikipatia hakuna anayesikia," nami nilicheka naye nikadhani ni kichekesho. Kikulacho ki nguoni mwako, wanasema. Kwenye bendi yangu mimi ndimi niliyekuwa nguoni.

Nipite haraka kwenye mambo ya karatasi, si kwa kuwa ni madogo ila hayana utamu. Mwimbaji wa kwanza aliandika maneno ya nyimbo zetu nane. Hatukuwa na maandishi yoyote. Pia yeye ndiye aliyefungua ukurasa wetu mtandaoni, na nywila ilikuwa kwake tu. Kwa miezi miwili bendi yetu haikuwa na sauti mtandaoni, na nyimbo nane hatukujua kama tunaruhusiwa kuzitoa. Sheria za hakimiliki hutofautiana, lakini kwa jumla kuna haki katika wimbo wenyewe, yaani maneno na muziki, na kuna haki nyingine katika rekodi. Aliyeandika maneno hapotezi haki zake kwa kuondoka kwenye bendi. Andikeni ukurasa mmoja tu, siku ileile wimbo unapokamilika, wakati bado mnapendana: nani katunga nini, kila mtu ana asilimia ngapi, jina la bendi ni la nani mmoja akitoka, vyombo vilivyonunuliwa kwa mfuko wa pamoja vinabaki wapi. Wote watie saini. Nywila zijulikane na watu wawili. Kutokuwa na karatasi hiyo kulitugharimu theluthi moja ya akiba ya bendi, kwa sababu tulilazimika kurekodi upya nyimbo tatu kwa maneno mapya.

Wakati huo niliwaza kubadilisha jina na kuanza upya. Si wazo la kijinga. Mwimbaji Courtney LaPlante na mpiga gita Mike Stringer walitoka bendi ya iwrestledabearonce, hawakuubeba ule mzigo, wakaanzisha Spiritbox wakiwa na jina jipya na sauti mpya, na albamu yao ya kwanza, Eternal Blue ya mwaka 2021, iliwafikisha mbali. Lakini wao walikuwa na muziki mpya wa kuupa jina. Sisi tungekuwa tunapaka rangi ukuta wenye nyufa.

Kilichotuokoa kilikuwa ndani ya chumba cha mazoezi muda wote. Mpiga besi wetu wa pili, mtu mkimya, alikuwa akiimba sauti ya kusindikiza kwenye viitikio. Nilikuwa nimeshaandika tangazo la tatu la kutafuta mwimbaji nilipokumbuka bendi ya Of Mice & Men: mwimbaji wao Austin Carlile alipoondoka mwishoni mwa mwaka 2016 kwa ajili ya afya yake, hawakutafuta mtu wa nje; Aaron Pauley, mpiga besi aliyekuwa tayari akiimba, alibeba uimbaji wote. Bendi ya Atreyu nao, mwimbaji wao Alex Varkatzas alipotoka mwaka 2020, walimtoa Brandon Saller nyuma ya dramu wakamleta mbele. Basi nikamwuliza mpiga besi wetu kama angependa kujaribu. Akanijibu, "Nilikuwa nasubiri uniulize tangu mwaka jana."

Msidhani ni rahisi. Kupiga besi na kunguruma kwa wakati mmoja kunamchanganya mtu miguu na mikono, maana mngurumo mara nyingi hukata mdundo kinyume na vidole. Ilibidi tushushe ugumu wa besi kwenye beti, abaki kwenye noti za msingi, na mapambo yahamie kwenye sehemu asizoimba. Nyimbo mbili tulizitupa kabisa. Alianza kwa mazoezi ya dakika arobaini, si saa nne, na alikuwa na haki ya kusema "leo koo hapana" bila kuulizwa swali la pili. Miezi sita hatukukubali onyesho lolote. Miezi sita bila jukwaa ni mirefu, mialiko miwili ilikwenda kwa bendi nyingine na moja kati ya hizo sasa inatupita mbali. Iliniuma, bado inaniuma kidogo.

Katika kipindi hicho cha ukimya nilijifunza kitu kutoka kwa bendi ambayo haibadilishi watu. Parkway Drive wa Byron Bay, Australia, wamekuwa watu walewale watano tangu mwaka 2006. Nilikuwa nikiwataja kama mfano wa marafiki wasiogombana. Kumbe mwaka 2022 walifuta ziara ya Amerika Kaskazini na kutangaza wazi kwamba wanahitaji muda wa kushughulikia afya zao na urafiki wao. Watu wa miaka karibu ishirini pamoja, wenye mafanikio yote yale, walisimamisha mashine ili waongee. Nikaitisha kikao cha watu wote, bila ala, simu zikiwa mezani kifudifudi. Saa ya kwanza ilikuwa mbaya. Nilisomewa orodha yangu mwenyewe na watu ambao hawakujua kwamba nimeshaiandika. Sasa tunakaa hivyo kila baada ya wiki sita, na mtu wa kwanza kusema si mimi.

Kuna kuondoka kwingine ambako vikao havizuii, na sitaki kuondoka huko kuchanganywe na haya ya kwetu. Bendi ya Architects wa Brighton, Uingereza, walimpoteza Tom Searle, mpiga gita na mtunzi wao mkuu, kwa saratani ya ngozi mwezi Agosti 2016, akiwa na miaka 28. Pacha wake Dan ndiye mpiga dramu. Waliendelea, wakatoa Holy Hell mwaka 2018. Nilipokuwa nikilalamika kwamba "nimepoteza" wapiga dramu watatu, mtu mmoja alinikumbusha hilo, nikaacha kulitumia neno hilo. Wangu wote wapo hai, na nina namba zao za simu.

Mwezi uliopita nilimwomba mwimbaji wa kwanza ruhusa ya kuucheza tena wimbo mmoja kati ya zile nane, safari hii kwa karatasi. Akasema atakuja mazoezini kuisaini mwenyewe. Alikaa juu ya spika karibu na mlango, chupa ya maji mkononi, akasikiliza mpiga besi akiyanguruma maneno yake. Kwenye bridauni mpiga dramu mpya alichelewesha pigo, kidogo tu, na nilimwona jamaa akivuta pumzi.

Tulipomaliza akauliza ile sehemu imetungwa na nani. Nikafungua mdomo kwa mazoea, nikaufunga. Mpiga dramu akajibu mwenyewe.